Kutua Mzigo Njiani

Neno kituo limezaliwa na kitenzi kutua. Aliyejitwika mzigo mzito hawezi kwenda nao siku nzima kwa mkupuo mmoja. Hufika mahali akautua, akapumua, akatazama kama kamba bado zimeshika, kisha akajitwika tena. Lakini faida ya kituo haimo katika kupumzika peke yake. Likitokea la kutokea mbele ya safari, msafiri anajua ni wapi alipokuwa mzima mara ya mwisho, na halazimiki kurudi hadi nyumbani kwake kuanza upya.

Nataka kusimulia habari za kituo cha namna nyingine, kile ambacho mafundi wa kompyuta hukiita chekipointi. (Wapo waliotaka tuiite mashine hiyo tarakilishi, na wapo waliotaka ngamizi; mimi nimebaki na kompyuta kama watu wa mitaani.) Najua msomaji atauliza jambo la kiufundi kama hili linatafuta nini katika kitabu cha tafakuri. Sababu yangu ni moja. Kwa muda mrefu wataalamu waliona kwamba kuiokoa mashine iliyoanguka ni sawasawa na kuiokoa kazi iliyokuwa ikifanywa na mashine hiyo. Ilichukua miaka mingi kutambua kwamba hayo ni mambo mawili, na mara nyingi waliolipa gharama hawakuwa wataalamu.

Tuanze na mashine zenyewe. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani huko Philadelphia mwezi Februari 1946, ilikuwa na vali za kioo zaidi ya 17,000, na vali moja ikiungua hesabu iliharibika. Zile zilizofuata katika miaka ya 1950 zilikuwa imara zaidi, lakini si sana. Hesabu ya saa sita ikikatika katika saa ya tano, saa tano zote zilikwenda na maji. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi kueleweka: kila baada ya muda, programu inasimama, inanakili yote yaliyomo katika kumbukumbu yake kwenye utepe wa sumaku, kisha inaendelea. Mashine ikianguka, mwendeshaji anaurudisha utepe, kumbukumbu inajazwa kama ilivyokuwa, na hesabu inaendelea kutoka pale. Hicho ndicho kituo cha kwanza. Kwa kazi za hesabu tupu, kama njia ya kombora au hali ya hewa, kilitosha kabisa, kwa kuwa ulimwengu wote wa kazi hiyo ulikuwa ndani ya kumbukumbu ya mashine.

IBM ilipotangaza familia yake ya kompyuta za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, kituo hiki kikawa sehemu ya mfumo mzima, si tena ujanja wa mtunga programu mmoja mmoja. Katika OS/360 mtunga programu aliandika amri ya CHKPT pale alipotaka kutua. Anayetumia lugha ya COBOL aliweza kutumia neno RERUN, akaagiza kwamba kila baada ya rekodi kadhaa, tuseme 5,000, kituo kiandikwe. Mfumo ulichukua picha ya kumbukumbu ya kazi hiyo, ukaandika pia kila faili limefikia wapi, na kuviweka vyote katika faili la vituo. Kazi ikikatika, karatasi ya maagizo ilibadilishwa kidogo: neno RESTART likaongezwa na kituo kikatajwa, kisha faili la vituo likaelekezwa kwa jina la SYSCHK, na kazi ikaanzia hapo.

Kulikuwa na jambo moja dogo katika kuliandaa faili hilo ambalo naona linafundisha kuliko mengi makubwa. Kama ulilitangaza faili kwa namna ya kuandika juu ya kilichotangulia, kila kituo kipya kilifuta cha zamani. Ni uangalifu wa kuokoa nafasi, na nafasi ilikuwa ghali. Lakini je, mashine ikianguka wakati ule ule inapoandika kituo kipya? Cha zamani kimeshafutwa, kipya hakijakamilika, na msafiri hana kituo hata kimoja. Ndiyo maana waliokomaa katika kazi walitumia mafaili mawili kwa zamu, au walikiongeza kila kituo mwishoni mwa faili bila kugusa vilivyotangulia.

Hata hivyo kituo hiki kilikuwa na upungufu ambao vitabu vya maelezo viliutaja wazi, na wengi wakaupita. Kilirudisha kumbukumbu, na kilirudisha mahali ambapo kila faili lilikuwa limefikia, lakini hakikurudisha yaliyomo ndani ya mafaili.

Enzi za tepe jambo hili halikuumiza mtu. Kazi ya mishahara ilisoma utepe wa mwezi uliopita na kuandika utepe mwingine mpya. Ule wa zamani haukuguswa. Ofisi ziliweka tepe tatu za vizazi vitatu, babu, baba na mwana, na mwana akiharibika, baba yupo. Diski ndiyo iliyobadili mambo. Katika diski rekodi hubadilishwa pale pale ilipo, na ile ya zamani haipo tena. Sasa chukua programu iliyotua penye rekodi ya 5,000, ikaendelea hadi ya 7,300, ikaanguka. Ukiianzisha upya kutoka kituoni, inaamini kwamba imefikia 5,000. Rekodi 2,300 zinazofuata zimeshaongezewa fedha, na programu inaziongezea tena kwa uaminifu mkubwa. Mashine imeokolewa, hesabu ya watu imeharibika, na hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Hapo ndipo anapoingia Charles Bachman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji wa Manhattan ulioko Kansas, na si ule wa New York. Akiwa na kampuni ya General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitengeneza mfumo alioupa jina la Integrated Data Store, kwa kifupi IDS, kwa ajili ya viwanda vya kampuni hiyo. Nia yake ilikuwa kuacha desturi ya kila idara kuwa na mafaili yake yasiyojuana. Data zote zikae mahali pamoja kwenye diski, na rekodi zifungamane kwa vielekezi. Mteja ana oda zake; rekodi ya mteja inaelekeza kwenye oda ya kwanza, ya kwanza kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu, na ya mwisho inarudi kwa mteja, kama watoto walioshikana mikono katika duara. Na oda hiyo hiyo, kwa mkono mwingine, imo katika duara la bidhaa. Kwa sababu rekodi moja yaweza kuwa katika maduara mengi, umbo zima hufanana na wavu, na hifadhidata za namna hii zikaitwa za mtandao. Kamati iliyotoka katika CODASYL, chombo kile kile kilichoizaa COBOL, ilitoa ripoti zake mwaka 1969 na 1971 kuuweka utaratibu huu katika kanuni, na mwaka 1973 Bachman akapewa Tuzo ya Turing. Katika hotuba yake alimfananisha mtunga programu na nahodha anayeabiri baharini.

Sasa tazama kinachotokea unapoingiza oda moja mpya katikati ya duara. Lazima uiandike oda yenyewe. Lazima ubadili kielekezi cha iliyotangulia, na cha inayofuata kama duara linakwenda pande zote mbili. Lazima ufanye hivyo hivyo katika duara la bidhaa. Rekodi hizo zaweza kuwa katika kurasa tano mbalimbali za diski, na mashine haiwezi kuandika kurasa tano kwa pigo moja. Umeme ukikatika baada ya ukurasa wa tatu, yatakayobaki ni mabaya kuliko oda iliyopotea, kwani mkono mmoja umeshaachiwa na mwingine haujashikwa. Programu itakayokuja kesho ikilifuata duara hilo itafika mahali ikaning'inia, au itazunguka bila kumpata mwenye duara. Oda zote zilizo upande wa pili wa pengo zipo kwenye diski, nzima, na hakuna anayeweza kuzifikia kwa njia hiyo.

Kwa hali hii picha ya kumbukumbu haikusaidia kitu. Kilichotakiwa ni kuweza kusema: hifadhidata yote, pamoja na maduara yake, ilikuwa kweli wakati fulani, na tunaweza kuirudisha pale.

Jibu lilitoka kwenye chombo ambacho mwenye duka yeyote wa pwani angekitambua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahandisi, bila kuujua msemo huo, walifungua daftari. Mfumo uliokuja kuwa mashuhuri zaidi katika ukoo huu ni IDMS. Ulianzia katika kampuni ya matairi ya B. F. Goodrich, ukachukuliwa na kampuni ya John Cullinane mwaka 1973, ukaenea katika kompyuta kubwa za IBM. Waingereza wa ICL nao walikuwa na wa kwao wenye jina hilo hilo. Katika IDMS, kila programu inayoanza kazi huandikiwa katika daftari rekodi iitwayo BGIN. Kabla ya kubadilisha rekodi yoyote, sura yake ya zamani huandikwa kwa alama ya BFOR, na sura mpya kwa alama ya AFTR. Programu ikitamka kwamba imefika mahali salama, huandikwa COMT, ikimaliza, ENDJ, ikishindwa, ABRT. Alama hizi ndizo vituo vipya. Hazina picha ya kumbukumbu hata kidogo. Kila moja inasema tu kwamba hadi hapa mambo ya muamala huu yanapatana yenyewe kwa yenyewe.

Mashine ikianguka na kuwashwa upya, mfumo haumuulizi mtu kitu. Unalifungua daftari na kutafuta kila BGIN isiyo na mwisho wake. Unarudi nyuma ukirejesha sura za zamani moja moja, hadi kwenye COMT ya mwisho ya muamala huo, au kwenye BGIN yake kama hakuna. Diski yenyewe ikivunjika, njia ni ya upande wa pili: unarudisha nakala ya juzi kutoka kwenye utepe, kisha unasonga mbele kwa kuandika sura mpya zote zilizomo katika daftari. Sharti la mambo yote haya ni moja, na ni sharti la mpangilio: mstari wa daftari uandikwe kwanza, ukurasa wa hifadhidata ufuate. Ukigeuza, daftari ni pambo.

Kuandaa mafaili hayo kulikuwa kazi ya mikono na ya kufikiri. Daftari lisikae kwenye diski moja na data, la sivyo pigo moja litaua vyote viwili. Yawepo madaftari mawili, na heri matatu: moja linaandikwa, jingine limejaa na linahamishiwa kwenye utepe. Likijaa la kwanza, mfumo unahamia la pili papo hapo na kumpa mwendeshaji ujumbe kwamba aendeshe kazi ya kuhamisha. Mwendeshaji akisinzia, la pili nalo likajaa, mfumo unasimama. Kila mtumiaji, awe kaunta ya benki au ghala, anaona skrini iliyoganda. Nimesikia watu wakiulaumu mfumo kwa ukaidi huo. Mimi nauona ni uungwana: mfumo usio na mahali pa kuandika kumbukumbu ya ahadi unakataa kutoa ahadi.

Ukaidi wa pili ulikuwa katika kufuli. Programu ikifungua eneo la hifadhidata ili kulibadilisha, huweka alama ya kufuli kwenye eneo lenyewe, ndani ya diski. Ikimaliza vizuri huiondoa. Ikianguka, alama hubaki, na hakuna programu nyingine ya kubadilisha itakayokubaliwa kuingia hadi data zirudishwe nyuma. Lakini chombo cha kuiondoa alama hiyo kwa mkono kipo pia, maana kuna nyakati halali za kukitumia.

Katika miaka ya 1980 nilifanya zamu za usiku katika chumba cha kompyuta cha taasisi moja ya Afrika Mashariki, ambayo sitaitaja, iliyotunza michango ya wanachama kwa hifadhidata ya aina hii. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya kazi kubwa iliyokuwa ikiendeshwa peke yake, bila daftari, kwa sababu bila daftari ilikwenda kasi zaidi. Utaratibu ulioandikwa ulisema irudishwe nakala ya jioni kutoka kwenye tepe, kazi ya saa nne hivi, kisha kazi ianze upya. Asubuhi yake malipo yalitakiwa yatoke. Aliyekuwa na madaraka aliagiza kufuli liondolewe na kazi iendelee kutoka ilipofikia. Likaondolewa, malipo yakatoka kwa wakati, na kulikuwa na pongezi.

Baada ya miezi kadhaa wakaanza kufika kaunta watu wazima, waliostaafu au waliokaribia kustaafu, wakiambiwa kwamba michango yao inaanzia mwaka fulani tu, au kwamba hawana rekodi. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na stakabadhi zake zote ndani ya mkebe wa biskuti, akazipanga mezani kwa mwaka bila kusema neno, kama mtu anayejua kwamba hapa karatasi itaaminiwa kuliko yeye. Michango yake ilikuwemo ndani ya diski wakati wote ule, upande wa pili wa kielekezi kilichokatika. Aliyekuja bila stakabadhi alirudi nyumbani. Nakala ya ule usiku ilikuwa imekwisha kuandikwa juu, kwa kuwa tepe zilizungushwa kila baada ya wiki chache. Duara lililokatika halipigi kelele siku linapokatika, na likija kupiga, dawa yake imeshafutwa.

Swali lililobaki kwa watu wa kompyuta lilikuwa la kipimo: utue mara ngapi? Ukitua kila baada ya hatua kumi hutafika; usipotua kabisa, ukianguka utarudi mbali. Mwaka 1974 John W. Young alichapisha makala fupi yenye jibu la kuridhisha. Chukua muda unaotumika kuandika kituo kimoja, uzidishe kwa muda wa wastani kati ya anguko moja na jingine, zidisha tena kwa mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kituo kikichukua dakika 1, na mashine ikianguka mara moja kwa saa 24, yaani dakika 1,440, jibu ni karibu dakika 54. Umeme ukiwa wa kukatika kila saa 6, jibu ni karibu dakika 27. Maanguko yameongezeka mara nne, lakini vituo vinahitaji kuongezeka mara mbili tu. Aliyezoea shida ya umeme angedhani ni zaidi.

Hesabu ya Young, hata hivyo, ni ya mashine yenye kazi moja. Katika hifadhidata ya pamoja kuna wengine wanaosubiri. Programu inayopitia rekodi 100,000 bila kutamka COMT hata mara moja inazishikilia zote ilizozigusa, na watu wa kaunta wanangoja. Ikitamka kila baada ya 500, wengine wanapita, na ikianguka kinachorudishwa nyuma ni kidogo. Lakini sasa inarudi fumbo lile la rekodi ya 5,000: programu itajuaje imefikia wapi? Jibu ambalo wengi waliliona wenyewe, kila mtu ofisini kwake, lilikuwa kuiweka rekodi ndogo ndani ya hifadhidata hiyo hiyo, yenye namba ya mwisho iliyokwisha kushughulikiwa, na kuibadilisha ndani ya muamala ule ule. Fedha zikithibitishwa, namba imethibitishwa pamoja nazo. Fedha zikirudishwa nyuma, namba nayo inarudi. Mahali na mambo haviwezi tena kuachana.

Mambo haya yalikwisha kufanywa na watu wa kazi kabla hayajapewa nadharia iliyotulia. Nadharia ilikuja na Jim Gray wa IBM katika maandishi yake ya mwaka 1978, alipoeleza kwa utulivu sheria ya daftari kutangulia data. Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, walipanga aina za vituo na za kurejesha, zikiwemo zile ambazo hazihitaji kusimamisha kila mtu: mfumo unaandika tu ni miamala gani iko njiani na kurasa gani bado hazijafika kwenye diski, huku kazi zikiendelea. Gray alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka peke yake kwa mashua kutoka San Francisco kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini, na hakuonekana tena.

Hifadhidata za mtandao zilishindwa sokoni na zile za majedwali zilizotokana na mawazo ya Edgar Codd ya mwaka 1970. Kampuni ya Cullinane, ambayo ilikuwa imejiita Cullinet, ilinunuliwa na Computer Associates mwaka 1989, nayo ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2018, na IDMS ikahama pamoja nayo. Vielekezi havionekani tena na mtunga programu wa kawaida. Kituo na daftari vilibaki. PostgreSQL, ambayo kijana yeyote anaweza kuipata bure na kuiweka katika mashine ya mezani kwake, huandika daftari kwanza na data baadaye. Isipoagizwa vingine hutua kila baada ya dakika 5, na ikiwashwa baada ya umeme kukatika hulisoma daftari kuanzia kituo cha mwisho kabla ya kumfungulia mlango mtu yeyote.